Tabia za Kipepeo

Bula Iftin, Garissa
14 Oktoba 2024

Idil, mpwa wangu,

Assalamu aleikum. Mimi mzima, Mama Kaltun mzima na bado hajajuta kuolewa nami, mbuzi mmoja anachechemea lakini ni mjanja huyo, akiona majani hachechemei.

Samaki wamefika, wote wawili hai. Ninapoandika hivi wako mbele yangu wananitazama. Kondakta wa basi alisema tangu Mombasa alilipakata boksi lao kama mtoto mchanga, na walipofika Garsen abiria wote walishuka kuja kuwaona, hata mama mmoja aliyekuwa na homa, akapona pale pale. Kondakta simwamini sana, ila hilo la homa naliamini.

Tangi nimeliweka sebuleni mbali na dirisha kama ulivyoagiza. Siyad mwenye hoteli alikuwa ameapa mbele ya watu kwamba samaki wa baharini hamalizi siku Garissa, joto litamgeuza mchuzi. Nikamshika mkono nikamleta. Akasimama mbele ya kioo, kimya. Na wewe unamjua Siyad, hata mwadhini akianza adhana yeye humalizia habari yake kwanza. Mwishowe akasema, "Guleid, hawa wanakula nini?" Nikamwambia, "Wanakula wanaoulizauliza."

Nimewapa majina. Mweupe zaidi ni Adey, jina la ngamia wetu wa Balambala. Wa pili nimemwita Mheshimiwa, kwa sababu hufungua mdomo na kufunga kutwa nzima na hakuna neno linalotoka. Ile alama nyeusi nyuma, karibu na mkia, inayofanana na jicho ili adui asijue kichwa kiko upande gani, imenichekesha sana. Huyo ni dalali mwenzangu kabisa wa soko la mifugo. Na kuna jambo hukuniambia, labda hata nyinyi wa pwani hamlijui: taa ikizimwa hubadilisha nguo. Rangi ya manjano inafifia, weusi unatanda mgongoni. Asubuhi wanavaa tena zile za mchana.

Umeuliza kwa nini sipigi simu. Kwenye simu unanikatiza nikifika patamu. Na Kisomali sikufundishwa kukiandika, niliacha shule darasa la sita nikijua Kiswahili na hesabu za kutoa, basi nakuandikia kwa nilichonacho. Barua itashuka na basi pamoja na mtungi mtupu. Wewe jaza maji ya bahari, funga barua yako kifunikoni, upandishe.

Nyumba ilikuwa kimya tangu uende huko kazini. Sasa kuna wa kutazamana naye.

Abti yako,
Guleid, mwenye bahari ya kwanza Garissa

*

Mombasa
19 Oktoba 2024

Abti Guleid,

Waaleikum salaam. Barua yako niliisoma ghalani, nikacheka mpaka msimamizi akaja kuuliza kama kuna tangi limepasuka. Hiyo ya kubadilisha nguo ni kweli, na mimi nilijifunza baada ya miezi mitatu ya kazi hii. Wewe umeiona kwa siku mbili.

Mkebe wa nyirinyiri nimepata, nyama imekauka na kukaangwa kama ninavyoipenda. Nilifunga mlango nikala peke yangu. Wenzangu walipouliza harufu ile ni ya nini nikasema ni dawa ya kifua.

Sasa nisikilize, tafadhali, na usiongeze lako. Hao ni samaki vipepeo, si changu wala taa wa kukaanga. Ni wagumu wa kula ugenini. Nimekuwekea uduvi kwenye barafu, na chaza watatu. Mfungue chaza, mtie na ganda lake, watamdonoa kidogo kidogo. Wasipokula leo watakula kesho. Kile kipimo cha chumvi nilichokuwekea, mshale wake ukae kwenye mstari wa kijani, usipande wala usishuke. Na feni iwe inapuliza juu ya maji wakati wa mchana, kwa sababu hawa hawakuzaliwa kwa jua la kwetu.

Huku ninafungasha samaki kila asubuhi, wa rangi zote, mfuko, hewa, boksi, uwanja wa ndege. Wanaenda nchi ambazo sijui hata kuzitamka. Hao wawili ndio mzigo wangu wa kwanza uliokwenda nyumbani.

Mwambie Mama Kaltun nimeota mkono wake ukinisuka nywele.

Idil wako

*

Garissa
18 Novemba 2024

Idil,

Assalamu aleikum. Leta mitungi miwili badala ya mmoja. Ukiweza mitatu. Jua la mwezi huu linakunywa kuliko ngamia. Jioni naona tangi limepungua vidole vinne, nami simwachi mgeni wangu kwenye kisima kinachokauka, najaza maji yako ya bahari mpaka juu. Asubuhi limepungua tena. Kwa kweli ukiweka sikio unasikia jua likimeza.

Kile kipimo chako kimeharibika kwa safari. Mshale umepanda ukagonga mwisho na hautaki kushuka. Nimekiweka kabatini.

Adey hali vizuri siku hizi. Anasimama kwenye kona, mapezi ameyabana. Usiwe na wasiwasi, mimi nimekua na wanyama. Ngamia akikataa majani humlazimishi, unampeleka penye chumvi, anailamba, siku ya pili anakula mpaka miiba. Nilichukua ile chumvi ya mifugo safi kabisa, konzi moja tu, nikamtilia. Wallahi alichangamka. Aliogelea huku na huku kwa nguvu, akapanda juu, akashuka, mpaka Mheshimiwa akampisha.

La pili, na hili ndilo kubwa. Nimezungumza na bwana mmoja wa ofisi ya uvuvi hapa kaunti. Nilimwambia nina mpwa anayefuga bahari. Akasema watu kama hao hawana, waliopo wanajua kambare wa Tana peke yake. Nafasi ikitokea mwakani atanitafuta. Nikamwambia asitafute mwingine, wewe unakuja.

Idd unakuja, sivyo?

Abti yako,
Guleid

*

Mombasa
22 Novemba 2024

Abti,

Nimepiga simu mara nyingi, yako na ya Mama Kaltun, hampokei.

Acha kujaza maji ya bahari. Acha leo, ukisoma mstari huu weka barua chini. Jua linachukua maji peke yake, chumvi haliichukui. Chumvi yote inabaki ndani, nawe unaongeza nyingine juu yake. Kipimo ni kizima, Abti. Mshale ulikuwa unasema kweli. Kilichopungua kirudishie maji matamu, ya mvua au ya chupa, si ya bomba maana yana dawa, na kidogo kidogo, wasishtuke. Chumvi ya mifugo usiwape tena kabisa. Ngamia analamba kisha anaondoka zake. Samaki hana pa kuondokea, anakunywa kile kile anachoogelea.

Zile mbio za Adey hazikuwa kuchangamka.

Kosa ni langu. Nilikuambia mstari wa kijani, sikukuambia sababu. Niandikie upesi, wote wawili wako vipi? Wanasimama pamoja?

Idd nitakuja, inshallah. Nina jambo la kuwaambia, wewe na Mama Kaltun, na nataka niwaambie nikiwa nimekaa mkekani kwenu.

Idil

*

Garissa
10 Desemba 2024

Idil,

Nimefanya kama ulivyosema. Maji matamu. Samaki ni wazima wote wawili. Wanakula.

Jambo lako nimeshalijua, usijisumbue kuficha. Nimewaambia watu hotelini kwamba Idil anarudi kabisa. Chumba chako nimekipaka rangi, kitanda kimegeuzwa kipate upepo. Yule bwana wa ofisi nimemwona mara mbili, ya pili alijificha nyuma ya gari lakini nilimsalimia.

Mama Kaltun anakusalimu.

Abti yako,
Guleid

*

Garissa, Ijumaa
17 Januari 2025

Mwanangu Idil,

Ni mimi Kaltun. Guleid amekwenda msikitini, naandika haraka na nitaificha ndani ya mkebe wa nyirinyiri, chini kabisa. Usianze kula kabla hujaisoma.

Yule mweupe alikufa. Alikufa kabla barua yako ya maji matamu haijafika. Mjomba wako alimfunga kwa kitambaa akamzika nyuma ya zizi. Nikamwambia, "Guleid, huyo ni samaki." Akaniambia, "Nyamaza, Kaltun, alikuwa mgeni wetu." Basi nikamshikia jembe.

Huyu aliyebaki alizunguka tangi siku nzima akitafuta. Guleid hakuweza kutazama. Amechukua kioo changu cha kujitazamia amekiegemeza kwenye tangi, samaki aone mwenzake. Samaki ameridhika kidogo. Mimi nafunga mtandio kwa kubahatisha, na wanawake wa jirani wameanza kunishangaa.

Hotelini hakai tena. Siyad alikuja kuuliza kama anaumwa. Tangu Desemba hajanidanganya hata mara moja, na sikujua nyumba inaweza kukosa ladha kiasi hiki. Anaogopa kwamba ukijua samaki amekufa hutakuwa na cha kukuleta. Nimemwambia mtoto haji kwa ajili ya samaki. Akaniuliza, "Basi mbona Idd iliyopita hakuja?" Jibu la hilo, mwanangu, wewe ndiye unalo.

Na wewe kuna kitu unaficha. Barua zako zimejaa adabu. Ulipokuwa mdogo ulikuwa na adabu siku ile tu uliyovunja chupa ya siagi. Kama ni mume, sema. Kama ni ugonjwa, sema upesi zaidi. Mjomba wako anajenga juu ya maneno yako, kila siku tofali moja, na mimi ndiye nitakayekuwa ndani likianguka.

Mama yako Kaltun

*

Mombasa
25 Januari 2025

Abti wangu,

Usimgombeze Mama Kaltun. Mrudishie kioo chake.

Ninajua habari ya Adey. Sikukasirika hata kidogo. Katika kazi hii nimeua wengi kuliko wewe, na mimi nilifundishwa. Kilichoniumiza ni kwamba ulikaa nalo peke yako majuma yote hayo ukiniandikia wanakula.

Na mimi nimefanya vivyo hivyo, kwa hiyo hakuna wa kumlaumu mwenzake.

Jambo langu si lile ulilodhani. Kuna hoteli kubwa Doha, ina tangi refu kuliko msikiti wenu, na msimamizi wao alikuja ghalani kununua samaki. Aliniona nikimlisha kipepeo mmoja aliyekuwa amegoma kula, nilimkalia mpaka akala. Akauliza jina langu. Sasa wananitaka nikawatunzie tangi lile. Ni miaka mitatu. Nimetafuta namna ya kukuambia tangu Oktoba, na kila nikianza, barua yako inafika na chumba kimeongezwa rangi.

Idd iliyopita sikuja kwa sababu nilijua nikikaa mkekani kwenu siku mbili, ya tatu siondoki. Nakukumbukeni mpaka naumwa, Abti. Na bado nataka kwenda. Vyote viwili ni kweli na sijui pa kuviweka.

Wanataka jibu kabla ya katikati ya Machi. Baba sikumjua. Mama yangu mzazi, Rukiyo, alinikabidhi kwako. Ukisema nisiende, siendi, na sitanuna. Ukisema nende, nitakwenda. Lakini siwezi kupanda ndege bila neno lako, hata likiwa moja.

Mheshimiwa hawezi kuishi na kioo. Sasa anadhani ni mwenzake, baadaye ataanza kupigana nacho. Hapa ghalani tumepata kipepeo wa aina hiyo hiyo, naye yuko peke yake. Ukimrudisha nitawaweka tangi moja. Hukubaliana polepole, lakini hukubaliana. Hilo nalo ni juu yako.

Idil wako

*

Garissa
31 Januari 2025

Idil,

Barua imefika. Maji yamefika. Nakwenda Balambala kuangalia ngamia.

Guleid

*

Mombasa
24 Februari 2025

Abti,

Mtungi umerudi bila barua. Nimefungua kifuniko nikachungulia ndani kama mwendawazimu.

Mama Kaltun ameniambia kwa simu kwamba bado uko Balambala. Sijawajibu watu wa Doha. Sikuandikii kukusukuma. Nimezoea tu kusikia kutoka kwako kwamba mambo ni makubwa kuliko yalivyo, na sasa ni makubwa kweli na hakuna anayenieleza.

Hata ukiwa umekasirika, andika umekasirika.

Idil

*

Garissa
6 Machi 2025

Idil, binti yangu,

Assalamu aleikum, na Ramadhani njema.

Nilikuwa na hasira, ndiyo. Nilikwenda nayo Balambala, nikaitembeza malishoni wiki nzima, ikakonda. Halafu tulikuwa na kazi. Malisho ya upande wetu yameisha, ikabidi ngamia wachache tumpe Abdirahim mchungaji akae nao ng'ambo ya Tana mpaka mvua. Nikakaa naye chini kumkabidhi. Wewe umekulia mjini, huenda hukuwahi kuona. Ukimkabidhi mtu mnyama wako huondoki hivi hivi, unamweleza tabia zake zote, nzuri kwa mbaya, na mashahidi wanasikia. Ukificha tabia moja, litakalotokea liko shingoni mwako. Basi nikaanza: huyu anapenda kulala mbali na wenzake, huyu anaogopa mwavuli, huyu usimkamue ukiwa na haraka. Nilisema mpaka Abdirahim akachoka. "Guleid, unanipa ngamia au unaoza binti?"

Nikamwachia kamba pale pale, nikauliza nani ana kalamu.

Mama Kaltun anakuja na basi la leo, na boksi la Mheshimiwa mapajani. Nimemfunga mwenyewe, maji nimepima, mshale uko kwenye kijani. Hakupigana. Aliingia mfukoni kama anayejua safari. Yeye Kaltun atakaa nawe mpaka siku ya ndege.

Mimi siji. Nikikuona uwanjani nitasema nisiyotaka kusema, nawe utanisikiliza, maana nilikulea vibaya, nilikulea usikilize. Neno langu ni hili: nenda. Nimelisema mbele ya Kaltun na mbele ya Siyad, halirudi.

Hiyo karatasi ya pili si yako. Ni ya bwana wa hoteli. Mtafsirie mwenyewe, na usipunguze hata mstari.

Abti yako,
Guleid

*

Garissa, Kenya
6 Machi 2025

Kwa Bwana mwenye hoteli ya Doha,

Assalamu aleikum warahmatullahi wabarakatuh.

Hunijui. Mimi ni Guleid, dalali wa mifugo, mtu anayefahamika kutoka hapa mpaka Tarbaj, na ukiuliza Buna pia hawatakuambia hawanijui. Nakuandikia kukukabidhi Idil, binti wa dada yangu Rukiyo, Allah amrehemu. Sikupi. Nakukabidhi. Tofauti hiyo naomba uishike.

Huyu haombi kitu. Ukimwona amepita mlangoni pako mara mbili bila shughuli, ujue anataka jambo, muulize wewe. Homa humshika kichwani kwanza, na atakuambia ni usingizi. Akigoma kula usimbembeleze wala usimtilie dawa. Weka sahani karibu, kaa, zungumza habari nyingine kabisa, ya mvua au ya bei, atakula bila kujua. Hasira yake ni fupi ila ina meno. Akikosea hukiri kabla hujamuuliza, kwa hiyo usimpigie kelele, atakuwa ameshajipigia.

Hali nyama asiyoijua. Analala upande wa kulia. Hawezi kupika chapati, tumejaribu.

Ni shujaa. Akiwa na miaka saba alimfukuza fisi zizini kwa kandambili. Hapa Garissa watu wanajua kwamba fisi walikuwa wanne, kwa sababu ndivyo nilivyowaambia. Wewe nakuandikia mmoja, maana haya ni makabidhiano.

Kuna tabia moja imetushinda sisi wenyewe. Jua likizama huacha anachofanya, anakwenda kukaa kizingitini, kimya. Alianza mwaka aliofariki mama yake. Tulidhani ni huzuni, tukamletea wenzake wacheze naye, akawakaribisha vizuri kisha akarudi kizingitini. Si ugonjwa, wala hahitaji mtu. Hukaa mpaka giza liingie sawasawa, halafu anainuka mwenyewe anaendelea na kazi. Usimpe shughuli saa hiyo. Kama hoteli yako haina kizingiti, mtafutie mlango wowote unaotazama nje.

Kwetu mnyama akikabidhiwa, siku ya kumfuata arudi nyumbani hutajwa hapo hapo, mbele ya mashahidi. Wewe umesema miaka mitatu, lakini hiyo ni ya karatasi yako. Siku ya huyu mimi sikuweza kuitaja. Nilijaribu kuiandika hapa, nikafuta. Mwulize yeye, jioni, akishainuka kizingitini. Akikutajia, niandikie.

Guleid,
mjomba wake